Hasheem Thabeet na Hesabu ya Miaka Saba

Apitaye barabara ya Bagamoyo kwenda Msata huitambua Kiwangwa kwa mananasi yaliyopangwa mafungu kando ya lami. Mkulima wa pale ana hesabu moja asiyoibishia: chipukizi lililopandwa leo huhitaji mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kuvunwa. Akivuna mapema, halilaumu nanasi kwa uchachu wake. Huikumbuka hesabu hiyo kila niwasikiapo vijana wakimtaja Hasheem Thabeet kwa neno moja tu: alifeli.

Tuirejee historia yenyewe kabla ya kutoa hukumu.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwezi Februari 1987. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15, yaani wakati ambapo wenzake wa Marekani walikwisha kucheza kwa miaka mingi chini ya walimu na mbele ya waamuzi. Na umri wake wa sekondari uliangukia katika miaka ya mwanzo ya 2000, kipindi ambacho Serikali ilisimamisha mashindano ya michezo shuleni, UMITASHUMTA na UMISSETA, kabla ya kuyarejesha baadaye. Mlango ambao mtoto wa Kitanzania huonekana kwanza ulikuwa umefungwa.

Alisafiri hadi Houston, Texas, akamalizia sekondari huko, kisha mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Urefu wake, sentimita 221, alikwenda nao; ufundi aliukuta kule. Katika misimu mitatu alizuia mitupo 417. Mwaka 2008 na tena mwaka 2009 makocha wa vyuo vya Marekani walimtangaza mlinzi bora wa nchi nzima. Msimu wake wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8 kwa mchezo, na chuo chake kikafika nusu fainali ya taifa mjini Detroit.

Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ilimchagua kuwa wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka ule. James Harden alichaguliwa wa tatu. Stephen Curry, wa saba. Hapo ndipo masimulizi ya kufeli yanapoanzia, kwa kuwa Februari iliyofuata Memphis ilimpeleka kwa muda katika ligi ndogo. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City, akimaliza na michezo 224 ya NBA na wastani wa pointi 2.2. Kisha alicheza Japani katika klabu ya Yokohama B-Corsairs, na baadaye Taiwan.

Sasa tuifanye hesabu ya mkulima. Kutoka mtupo wa kwanza hadi jukwaa lile la New York ni miaka saba. Ndani ya miaka saba kijana alijifunza mchezo, akavuka bahari, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Wanaomlinganisha na Curry, aliyekulia katika nyumba ya mchezaji wa NBA, wanalinganisha mazao bila kuuliza siku ya kupanda. Sisemi kwamba hakuwa na mapungufu yake. Klabu haimwachi mchezaji bure. Nasema kwamba sehemu kubwa ya upungufu ule ilikuwa ya miaka ambayo sisi hatukumpa.

Kipimo cha NBA peke yake nacho kinapotosha. Mtazame jirani yetu Tylor Okari Ongwae, fowadi wa Kenya aliyepitia vyuo vya Marekani. Hakuingia NBA, riziki ya uchezaji aliitafuta Ulaya, Denmark ikiwemo. Lakini Februari 2021, mjini Yaoundé, mtupo wake wa mwisho uliipa Kenya ushindi wa 74 kwa 73 dhidi ya Angola, nchi iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Kenya ikarejea kwenye fainali za Afrika baada ya miaka 28. Mchezaji wa ughaibuni huifaa nchi yake pale anapokuta timu ya taifa inayomngojea.

Kwa hiyo swali la Thabeet si lake tena. Ni la maofisa elimu, maofisa michezo wa halmashauri na sisi tunaofundisha walimu. Mtoto mrefu wa Kiwangwa leo atasimamishwa golini, au ataitwa kushusha kitu kilichowekwa juu ya kabati. Nani atampa mpira wa kikapu akiwa na miaka minane? Uwanja wa saruji wenye magoli mawili si mradi wa kuisubiri bajeti ya wafadhili. Mwalimu anayeujua mchezo ndiye adimu zaidi, na huyo naye hupatikana kwa kuandaliwa.

Tulimwita Thabeet fahari ya taifa siku alipochaguliwa, tukamwita aliyefeli siku alipoachwa. Katika nyakati zote mbili tulikuwa watazamaji. Mkulima wa Kiwangwa angetuuliza kwanza: mlipanda lini?