Dago la wasanii

Ukisimama kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, chini ya milima ya Upare, wakati kiangazi kimekolea, utaona maji yamesogea mbali, tope limepasuka vigae na mitumbwi imelala ubavu. Hata hivyo sithubutu kupaita pwani. Pwani imezaliwa na kupwa, na maji ya bahari hupwa kisha yakajaa siku hiyohiyo. Haya ya Mto Pangani, yaliyowekewa ukuta miaka ya 1960, yakishaondoka hungoja mvua. Hapa ni ukingoni.

Wavuvi walioyafuata wamepiga kambi: vibanda, chanja za kukaushia perege, moshi tangu alfajiri. Watu wa mwambao wana neno tamu zaidi kwa makazi ya namna hii: dago. Mvuvi huenda dago kwa msimu, na samaki wakihama, dago huvunjwa. Ndani ya neno hilo mna maji, mna kazi, mna wenzako mnaokula chungu kimoja, na mna safari ya kurudi.

Nalitaka neno hili kwa wachoraji. Wafasiri wetu wakikutana na habari za St Ives ya Uingereza au Skagen ya Denmark, ambako wachoraji walihamia kuufuata mwanga wa baharini, huandika “koloni la wasanii”. Moyo wangu hukataa. Koloni kwetu lina bendera ya mgeni na kodi ya kichwa. Wale walibeba brashi tu. Dago la wasanii, basi.

Na letu tunalo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyepitia mashamba ya mkonge Tanga, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi ya kung'aa ya baiskeli juu ya hadibodi. Jamaa zake wakaja kujifunza. Picha zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay, jirani na bahari. Mwaka 1972 risasi ya polisi ilimuua kimakosa. Dago halikuvunjika. Wanafunzi waliendelea, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika.

Mwaka uleule wa kifo cha Tingatinga, jijini kilianzishwa kituo cha wasanii cha Nyumba ya Sanaa, jina ambalo kila nikipita bwawani hunijia mdomoni. Jengo lake limeshabomolewa. Kule Oysterbay wachoraji bado wameketi chini, makopo ya rangi kati ya miguu.