Skrini ya Bluu na Waliopewa Ufunguo wa Ndani

Mwaka 2014 waandishi wengi wa habari za teknolojia walidhani wamempata mtu aliyeandika skrini ya bluu ya Windows, ile inayokuzimia kompyuta katikati ya kazi. Walimtaja Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft. Habari ilianzia kwa Raymond Chen, mhandisi wa siku nyingi wa kampuni hiyo, aliyesimulia kwamba Ballmer ndiye aliyetunga maneno ya ujumbe mmoja wa Windows 3.1, uliotokea mtu alipobonyeza Ctrl, Alt na Del kwa pamoja. Wakauchukua ujumbe huo, wakaupa jina lisilo lake, na Chen akalazimika kurudi kuwafafanulia.

Skrini za bluu, alieleza, ni tatu. Ya Windows 3.1 ilikuuliza tu kama unataka kuifunga programu iliyoganda. Ya Windows 95 aliimalizia Chen mwenyewe, na hiyo mara nyingine ilikuruhusu kubonyeza kitufe ukaendelea, kwa kudra za Mungu. Ya tatu ni ya Windows NT, iliyotoka 1993, na mwandishi wake ni John Vert. Hiyo ndiyo mama wa skrini tunayoijua leo. Haikuwa na kitufe cha kuendelea.

Mimi nasomea uzamili wa historia, na nakiri hadithi kama hii huniburudisha kuliko inavyostahili: nyaraka tatu zinazofanana sura, waandishi watatu, na umma uliozichanganya. Hata rangi ina chanzo cha kawaida kabisa. Mashine ya MIPS aliyoitumia Vert, na programu aliyoandikia msimbo, zote zilikuwa na maandishi meupe juu ya bluu. Akaendelea na alichokizoea macho yake.

Kwa nini mfumo uchague kufa? Windows NT iligawanywa pande mbili. Programu yako ya kuandikia iko upande wa nje. Ikiharibika inafungwa yenyewe na nyingine zinaendelea. Ndani, kwenye kiini, ndimo mfumo unamosimamia kumbukumbu na diski, na humo humo ndimo zinamokaa draiva nyingi, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuongea na printa, kadi ya picha au wifi. Zote zinatumia kumbukumbu moja, hakuna ukuta kati yao. Draiva ikiandika mahali pasipo pake, mfumo hauwezi kujua tena kipi ni kizima. Huenda kilichoharibika ni kumbukumbu za mafaili yako, na dakika inayofuata uharibifu huo utaandikwa kwenye diski. Basi unasimama, unahifadhi ushahidi, unaandika namba ya kosa. Kwa hiyo skrini yenyewe si ugonjwa. Ni mlinzi aliyeona mgeni amevuruga chumba cha ndani, akaamua kufunga nyumba nzima.

Swali la historia hii yote, kwa maoni yangu, ni nani anapewa ufunguo wa chumba hicho. Microsoft iliugawa kwa wengi. Mwaka 1996, katika Windows NT 4.0, sehemu kubwa ya kazi ya kuchora madirisha na picha iliingizwa ndani ya kiini ili mashine iende kasi zaidi. Kasi ilipatikana, na draiva za kadi za picha zikapata nafasi ya kuangusha kila kitu. Windows 98 iliyofuata ilikuwa ya ukoo wa 95, si wa NT, lakini ilikuwa na tatizo lilelile. Aprili 20, 1998, kwenye maonyesho ya Comdex huko Chicago, Chris Capossela alichomeka skana mbele ya umati, Bill Gates akiwa pembeni yake, na skrini kubwa ikageuka bluu. Ukumbi ulicheka. Gates akatania kwamba pengine ndiyo sababu bado hawajaanza kuiuza. Miaka kadhaa baadaye, nyaraka za kesi moja ya Marekani kuhusu Windows Vista zilionyesha kwamba asilimia 28.8 ya hitilafu zilizorekodiwa katika kipindi fulani cha 2007 zilitokana na draiva za Nvidia. Za Microsoft yenyewe zilikuwa asilimia 17.9.

Kwetu, hata hivyo, mshtakiwa wa kwanza ni virusi. Mwaka jana laptop yangu ilianza kuzima kila nilipounganisha wifi, namba ikiwa ileile, 0x000000D1. Fundi wa Kariakoo hakumaliza hata kuisoma. "Dada'angu, hii ni virusi. Tupige window tu, saa moja unaondoka nayo." Nikamwambia, "Subiri kwanza kaka, humu kuna tasnifu." Simlaumu. Kizazi chetu kimelelewa na flash zilizozunguka stationery hadi stationery zikigeuza mafolda kuwa shotikati, na kupiga window kuliwaokoa wengi. Lakini virusi vya namna ile vilikaa upande wa nje, vikasumbua huko huko. Isitoshe, kupiga window kunafuta kosa pamoja na ushahidi wake, na mara nyingine pamoja na sura ya tatu ya mtu.

Nilikwenda nayo nyumbani. Ndani ya folda ya Windows kuna folda nyingine iitwayo Minidump, ambamo mfumo huacha faili dogo kila unapoanguka. Yalikuwepo manne. Niliyafungua kwa programu ya bure ya kuyasomea, na yote manne yakataja draiva moja ya kadi ya wifi, iliyosasishwa siku moja kabla ya matatizo kuanza. Nikairudisha ya zamani kupitia Device Manager. Tasnifu inaendelea, ingawa msimamizi wangu angetumia neno jingine.

Kuna kisa ambamo fundi yule angekuwa sahihi, na ndicho nikipendacho kuliko vyote. Februari 9, 2010 Microsoft ilitoa sasisho la usalama lenye namba MS10-015, la kuziba tundu lililokuwepo kwenye Windows NT tangu 1993. Kompyuta nyingi za Windows XP zilipolipokea, ziliwaka kwenye skrini ya bluu na hazikutoka hapo. Lawama zikaenda kwa Microsoft, ikasimamisha usambazaji, ikachunguza. Mashine hizo zilikuwa na kirusi kiitwacho Alureon, kilichojificha ndani ya draiva, mara nyingi ile ya kuendeshea diski. Waandishi wake walikuwa wamekikaririsha anwani kamili za kazi fulani ndani ya kiini. Sasisho likahamisha anwani. Kirusi kikabisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha hama, na mlinzi akafunga. Wenye kompyuta walikuwa wakiibiwa siri zao bila dalili yoyote. Skrini waliyoilaani ndiyo iliyomfichua mwizi. Ndani ya siku chache waandishi wa kirusi wakatoa sasisho lao ili mashine ziwake vizuri, maana mashine isiyowaka haina faida hata kwa mwizi.

Katika Windows zilizoifuata XP kiini kililindwa zaidi, draiva zikidaiwa saini ya kidijitali. Aliyekuja kukiangusha kwa kishindo alikuwa mlinzi wa kukodiwa. Ijumaa ya Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike ilituma faili la maelekezo kwa draiva yake ya kupambana na wadukuzi. Draiva ilikuwa na saini. Faili halikuwa sehemu ya kilichosainiwa. Lilidai kusoma thamani ya 21 palipokuwa na 20, draiva ikanyoosha mkono nje ya eneo lake, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zikaanguka. Mashirika ya ndege, hospitali na mabenki yakakwama. Faili liliondolewa saa 2:27, dakika 78 tu, lakini mashine iliyokwisha anguka haikuweza kupokea marekebisho. Mafundi walipita kompyuta hadi kompyuta, wakaziwasha katika hali salama, wakaingia kwenye folda ya draiva na kufuta kwa mkono faili lililoanza na C-00000291. Diski ilipokuwa imefungwa kwa BitLocker, kwanza walihitaji ufunguo wa tarakimu 48, wa kila mashine wake.

Tangu hapo Microsoft imeanza kuandaa njia za kuwawezesha wauza ulinzi kufanya kazi wakiwa nje ya kiini. Mwaka 2025 ilitangaza pia kwamba skrini itakuwa nyeusi. Uso wenye huzuni umeondolewa. Namba ya kosa imebaki, na jina la draiva, likijulikana, linaandikwa chini yake.