UNAHAMA NYUMBA NA TV FLATI? SOMA HAPA KWANZA



Leo tuweke pembeni siasa na mpira. Nina jambo la nyumbani, ukilitaja ni dogo lakini mimi lilinitoa machozi. Najua wengi mnaopita hapa ni vijana wa kupanga kama mimi: leo chumba Mbagala, mwakani Tabata, mwaka unaofuata Kimara. Kodi ikiisha, mizigo juu ya gari. Na kwenye mizigo hiyo kuna kitu kimoja kinachotaka akili kuliko nguvu, nacho ni TV flati.

Stori yenyewe ni hii. Mwaka 2019 tulihama kutoka Mbagala kwenda Kimara, mimi, mdogo wangu na bi mkubwa. TV ilikuwa ya inchi 43 na wala haikuwa yangu. Bi mkubwa aliinunua siku zamu yake ya upatu ilipofika, mchezo aliocheza mwaka mzima kwa hela ya vitumbua. Tukakodi kirikuu. Dereva akashauri tupige tripu mbili, mimi nikajifanya mjanja, nikagoma kutoa elfu ishirini nyingine. TV nikailaza juu ya godoro, kioo kinatazama juu, nikatandika shuka na mito miwili. Nikaona hapo nimeibembeleza kweli kweli. Kwa vile nafasi ya juu ilibaki, beseni la vyombo likakaa juu ya mito...

Barabara ya Kilwa, Mandela, rasta, mashimo, Ubungo wakati ule ujenzi wa barabara za juu unaendelea. Tukafika. TV haina hata mkwaruzo! Nikachomeka. Sauti ya taarifa ya habari ikatoka safi kabisa. Picha? Doa jeusi katikati kama wino uliomwagika, na mistari ya rangi toka juu mpaka chini. Bi mkubwa akaangalia wee, halafu akasema, "Basi, tutasikiliza." Tukaisikiliza miezi minne.

Fundi aliniambia kioo kimekufa kwa ndani, na bei ya kukibadilisha inakaribia bei ya TV mpya. Nikamuuliza kosa langu lilikuwa wapi, akanieleza bila kunificha. Tangu hapo nimehama mara mbili, mara ya mwisho na TV ya inchi 55, na iko salama. Haya ndiyo niliyojifunza.

KWA NINI TV FLATI NI KAMA MAYAI

Zile TV za chogo zilikuwa nzito lakini kioo cha mbele kilikuwa kinene balaa. Mzee anaikumbatia kifuani, anapanda nayo ngazi, hakuna neno. Tukadhani flati nayo ni hivyo hivyo, kisa nyepesi.

TV flati ya LCD, ambayo siku hizi wanaiuza kwa jina la LED, ina vioo viwili vyembamba vilivyobandikwa pamoja. Kila kimoja hakifiki milimita moja. Katikati yake kuna kimiminika kinachotengeneza picha, nyuma kuna karatasi za kusambaza mwanga na taa za LED. Ukingoni kuna tepe nyembamba za nyaya zilizogandishwa kwenye kioo. OLED ndiyo nyembamba zaidi.

Sasa sikiliza hapa. Fremu inakishika kioo ukingoni tu. TV ikisimama, uzito unakaa kwenye ukingo wa chini, mahali pagumu. Ukiilaza, katikati ya kioo hapana cha kutosha kukishika, na kila tuta kinapinda kidogo. Ukiongeza mto na beseni juu yake, umemaliza kazi. Kinapasuka ndani wakati nje plastiki inang'aa. Kadiri inchi zinavyoongezeka ndivyo kinavyopinda zaidi.

Kwa hiyo kanuni ni moja, ukisahau mengine yote ikumbuke hii: TV FLATI INASAFIRI IMESIMAMA, NA HAKUNA KITU KINACHOGANDAMIZA KATIKATI YA KIOO.

KABLA GARI HALIJAJA

1. Pima. Inchi za TV ni za mshazari, kona hadi kona, siyo upana. Kioo cha inchi 32 kina upana kama sentimita 71, inchi 43 kama 95, inchi 55 kama 122 na kimo chake kama 69, inchi 65 kama 144. Ongeza kidogo kwa ajili ya fremu. Pima na mlango wa gari au bodi ya kirikuu. Usije ukagundua barabarani kwamba haisimami.

2. Iwashe, irekodi kwa simu sekunde kumi, dereva na vijana wa kubeba wakiwepo. Likitokea la kutokea, hakuna kubishana kama ilikuwa nzima.

3. Piga picha ya nyuma, uone waya gani unaingia wapi: king'amuzi, HDMI, spika. Chomoa kila kitu. Waya ukiachwa umechomekwa ukavutwa, unang'oa tundu lake.

4. Fungua miguu, au brakti kama ilikuwa ukutani. Kufungua toka ukutani ni kazi ya watu wawili, mmoja ashike. Skrubu zote kwenye kamfuko kadogo, andika "TV", tia kwenye mkoba wako mwenyewe. Usije ukafungia skrubu ya kuokoteza. Ikiwa ndefu kuliko ya kwake inaweza kuingia ndani na kuharibu.

KUIFUNGA

Boksi lake la asili ndiyo dawa namba moja. Yale maumbo meupe mepesi ya ndani yanaishika TV pembeni, katikati ya kioo hapaguswi na kitu. Wadau, MSITUPE MABOKSI! Liweke hata juu ya kabati.

Kama hulina, pita kwenye maduka ya vyombo vya umeme, Kariakoo au popote ulipo, uliza boksi la TV ya saizi yako au kubwa kidogo. Likikosekana kabisa fanya hivi: kwanza shuka safi au khanga laini isiyo na mchanga, maana mchanga unakwaruza. Halafu blanketi. Halafu kipande kigumu cha boksi mbele na kingine nyuma, vikubwa kuliko TV yenyewe. Kwenye kona nne weka vitambaa vilivyokunjwa, ili boksi la mbele liegemee fremu na siyo kioo. Gundi ya karatasi usiibandike kwenye kioo hata siku moja. Kamba za mpira zipite kwenye kingo tu, na usizikaze kama unafunga kuni.

KUIBEBA NA KUIPAKIA

Watu wawili, kila mmoja upande wake, mkono mmoja chini na mwingine ubavuni kwenye fremu. Usikishike kioo kwa kiganja, usikibane na kifua. TV ya inchi 55 kwa kawaida ni kilo 15 hadi 20 hivi. Mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kuibeba, ila ili aibebe peke yake lazima aibane mahali, na hapo anapoibana ndipo inapofia.

Ndani ya gari, simamisha godoro kwenye ubavu wa bodi, TV ifuate, kioo kitazame godoro. Nyuma ya TV weka kitu bapa, kama ubao wa kitanda wenye blanketi. Funga isiyumbe, lakini isibanwe. Mtungi wa gesi, miguu ya meza, pasi, stuli, vyote vikae mbali. Chini tandika blanketi lililokunjwa.

TV ipakiwe mwisho, ishushwe kwanza. Wewe mwenyewe kaa karibu nayo, siyo mbele na dereva mkipiga stori. Mwambie dereva kabla hamjaanza safari kwamba kuna TV, kwenye matuta apite taratibu. Kipindi cha masika au vuli uwe na turubai, anga hata liwe jeupe namna gani.

Bodaboda? Jamani, hapana. Hata iwe inchi 32, hata iwe mtaa wa pili. Bora guta na watu wawili wa kushika.

UNAYETUMA MKOANI KWA BASI

Hapa boksi ni lazima. Andika pande zote mbili KIOO, ISILAZWE, na mshale wa juu. Nakili namba ya TV iliyo nyuma yake, dai risiti inayotaja kwamba mzigo ni TV. Simama pale mpaka uone imesimamishwa kwenye buti. Kama buti ni fupi hawawezi kuisimamisha, tafuta basi lingine au gari la mizigo. Usikubali "tutailaza kidogo tu". Kidogo tu ya kilomita mia nane ni nyingi.

IKIFIKA

Usiiwashe hapo hapo kama imetoka kwenye baridi. TV iliyosafiri usiku kutoka Njombe au Lushoto ikiingia kwenye joto la Dar, unyevu wa hewa unaganda juu yake na hata ndani, kama chupa ya soda ya baridi. Iache masaa kadhaa ipate joto la chumba.

Kabla ya kuchomeka, jaribu soketi ya nyumba mpya kwa kitu cha bei ndogo, taa au chaja. Weka na kile kifaa cha kuzuia umeme unaopanda na kushuka. Funga miguu vizuri kwanza. TV inaweza kuanguka siku ya kuhamia, watoto wanakimbia na meza haijakaa sawa.

IKIWA IMESHAPASUKA

Doa jeusi linalosambaa, au ufa kama utando wa buibui: kioo kimekwenda. Hakuna gundi, hakuna kusugua, usipoteze hela kwa anayekuahidi. Mistari peke yake bila ufa, mpe fundi aangalie, inawezekana ni zile tepe za pembeni au ubao. Na TV iliyokufa kioo usiitupe. Mbao zake za umeme na taa za ndani ni spea, mafundi wananunua. Sisi ile ya bi mkubwa tuliiuza hivyo, tukaanzia hapo kuchanga.

Mpya tuliinunua baada ya miezi minne. Boksi lake liko chini ya kitanda cha bi mkubwa mpaka leo, limefungwa kwa kamba, na panya akisogea hapo ana kesi ya kujibu.

Elfu ishirini ya tripu ya pili, wadau. Hiyo tu. Kama kuna rafiki yako anahama mwisho wa mwezi huu, mtumie hii aisome leo, asisubiri siku gari liko mlangoni.

Mafundi na madereva wa kirikuu mnaopita hapa, kama kuna nilichoruka ongezeeni kwenye maoni. Nawasilisha.