Kifungu na Chujio: Historia ya Kupima Ufahamu wa Kiingereza Isiolo

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi ufahamu wa Kiingereza ulivyopimwa katika shule za Kenya tangu enzi ya ukoloni, na maana ya kipimo hicho kwa mwanafunzi wa Isiolo. Huenda msomaji akaona kuwa mada hii haina mahali katika jarida la lugha za Kiafrika. Lakini mwalimu wa Kiswahili hawezi kuikwepa, kwani wanafunzi wanaomfikia katika shule ya sekondari na katika chuo kikuu wamekwisha chujwa, na chujio lenyewe, kwa miaka mingi, limekuwa kifungu cha habari kilichoandikwa kwa Kiingereza.

Kwa neno ufahamu tunakusudia uwezo wa msomaji wa kupata maana kutokana na maandishi: kutambua yaliyosemwa waziwazi, kubaini yaliyodokezwa, na kuyaunganisha hayo yote na mambo anayoyajua tayari. Jambo hili la tatu ndilo kiini cha hoja yetu. Kila msomaji huja na ulimwengu wake kwenye karatasi. Mtahini anapochagua kifungu, huwa amechagua pia ni ulimwengu wa nani utakaosaidia kukifasiri. Tutajaribu kuonyesha kwamba mtihani wa ufahamu umepima mambo mawili kwa pamoja, yaani lugha na mazoea ya maisha ya watu wengine, nao umetangaza matokeo yake kana kwamba umepima jambo moja tu.

2. Isiolo na lugha zake

Mji wa Isiolo uko mahali ambapo miteremko ya Mlima Kenya inakoma na nyanda kame za kaskazini zinaanza. Ndani ya eneo hili hukutana Waborana, Wasomali, Wasakuye, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Kiborana na Kisomali ni lugha za jamii ya Kikushi, Kiturkana na Kisamburu ni za Kiniloti, na Kimeru ni cha Kibantu. Wauza ng'ombe, wenye maduka na madereva wa malori huelewana kwa Kiswahili, ingawa ni wachache kati yao waliokinyonya pamoja na maziwa ya mama zao.

Serikali ya kikoloni iliutenga upande huu wa nchi. Sheria ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za mbali, na ile ya mwaka 1934 kuhusu wilaya maalumu, ziliweka mipaka juu ya nani angeingia na nani angetoka. Wamisionari, ambao ndio waliojenga sehemu kubwa ya shule za mwanzo huko Nyanza na Kenya ya Kati, hawakuwa na njia nyeupe kaskazini. Alliance High School ilifunguliwa mwaka 1926 huko Kikuyu. Mapema katika miaka ya 1930 Waborana walikuwa bado wanahamishiwa kando ya Ewaso Ng'iro kwa amri ya serikali. Mashindano ya elimu yalianza wakati baadhi ya washindani hawajaonyeshwa uwanja.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kudhani kuwa maandishi ya Kiingereza hayakuwa na uzito Isiolo katika siku hizo. Wasomali wa ukoo wa Isaaq, ambao baadhi yao waliwahi kuwa askari na wakaweka makao hapo, waligombana na serikali kati ya mwaka 1936 na 1941 kuhusu daraja ya kodi waliyotakiwa kulipa. Walitaka kuhesabiwa pamoja na Waasia, nao walipeleka malalamiko yao Nairobi na hata London. Kila upande ulitegemea tafsiri ya maneno ya sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kufahamu Kiingereza lilikuwa jambo la haki na kodi Isiolo kabla halijawa jambo la alama za darasani.

3. Kipimo kabla ya uhuru

Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 iliigawa elimu ya Waafrika katika ngazi za miaka minne minne, na mwishoni mwa ngazi ukawekwa mtihani. Aliyevuka darasa la nane kwa mtihani uliojulikana kwa herufi KAPE aliweza kutumaini nafasi ya sekondari, na huko mbele alingojewa na cheti cha Cambridge. Yafaa tukumbuke kwamba mitihani ya Cambridge ilianzishwa mwaka 1858 kwa ajili ya shule za Uingereza. Ilipovuka bahari ilikuja na desturi zake: kifungu cha kusomwa, maswali juu yake, muhtasari na insha.

Mwaka 1957 ulianzishwa Nairobi mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ambao ulianza katika shule za watoto wa Kiasia na baadaye ukaenezwa kwa Waafrika. Kisha, mwezi wa Januari 1961, wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere kuzungumzia ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992, alizikusanya imani zilizotokana na mkutano huo: kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kukianza mapema na kukifundisha kwa wingi ni heri, na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana kiwango cha Kiingereza kitashuka. Phillipson alizikanusha zote. Lakini imani hizi ziliishi katika shule zetu kwa muda mrefu, na tunaweza kuuliza kama zimekwisha kufa.

4. Baada ya uhuru

Tume ya Ominde, katika ripoti yake ya mwaka 1964, iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, ijapokuwa ilikitaka Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima. Wakati ripoti hiyo ilipotolewa, Isiolo ilikuwa katika vita vilivyoitwa vya shifta, vilivyodumu tangu 1963 hadi 1967. Wafugaji wa Waso walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, kama vile Garba Tula na Merti, na mifugo yao mingi ikapotea. Mtoto aliyekuwa na umri wa kuanza shule katika miaka hiyo alikuwa na mambo mengine ya kuyafahamu.

Mtihani uliofuata, CPE, ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, hisabati, na karatasi ya maarifa ya jumla. Mtahiniwa alipewa majibu ya kuchagua, naye alitia alama penye lililo sahihi. Kiswahili hakikuwamo. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Karatasi ya maarifa na hata mafumbo ya hisabati yalisomwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtahiniwa hakufanya mtihani mmoja wa ufahamu bali mitatu. Aliyeshindwa na sentensi alihesabiwa kuwa ameshindwa na hesabu.

Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliochunguza ajira nchini Kenya uliukosoa mtihani huu katika ripoti ya mwaka 1972, kwa namna ulivyowaelekeza watoto kukariri na kwa kuwajali tu wale wachache waliokuwa wakiendelea na masomo. Anthony Somerset, aliyeyachambua maswali ya CPE moja baada ya jingine katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba baadhi yake yaliwapendelea watoto wa mijini na wa shule za gharama kubwa. Kutokana na kazi hiyo maswali yalianza kurekebishwa ili yadai kufikiri zaidi, na walimu wakapelekewa taarifa zilizoeleza watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Hapo ndipo mtihani ulipoanza kumjibu mwalimu badala ya kumhukumu tu.

5. Kifungu chenyewe

Tutoe mfano wa kubuni ili hoja ionekane wazi. Kifungu kinasimulia mtoto aliyeamka asubuhi, akachungulia dirishani, akaona mbingu ya buluu isiyo na wingu hata moja, akaruka kwa furaha. Mtahini anauliza: kwa nini mtoto alifurahi? Jibu analolitaka ni kwamba hali ya hewa ilikuwa nzuri. Mtoto wa Merti analijua neno la Kiingereza la wingu, analijua la mbingu, analijua la furaha. Lakini kwake yeye mbingu isiyo na wingu ni mbingu ya ukame. Hali nzuri ya hewa ni ile inayotia giza upande mmoja wa upeo na kuwafanya wazee wanyamaze wakisikiliza. Akikosa swali hili, je, amekosa Kiingereza? La hasha. Amekosa kuzaliwa katika nchi ya baridi.

Sasa tugeuze. Kifungu kinaeleza kikao cha jarsa dheda, wazee wa Kiborana wanaoamua malisho yapi yatumiwe wakati wa mvua na yapi yahifadhiwe kwa kiangazi, nacho kinauliza kwa nini mgeni mwenye ng'ombe wengi alizuiwa kunywesha kabla ya kuomba ruhusa. Mtoto wa Nairobi mwenye Kiingereza fasaha angelikuna kichwa, na mtoto wa Merti angelijibu hata kabla ya kukimaliza kifungu.

Hapa pana hatari ya pili ambayo watetezi wa vifungu vya nyumbani huisahau. Swali linaloweza kujibiwa bila kusoma kifungu halipimi kusoma. Mwalimu anaweza kulijaribu jambo hili kwa urahisi: awape wanafunzi maswali peke yake, kifungu akifiche. Ikiwa majibu ni manne kwa kila swali, anayebahatisha atapata robo ya maswali hivi. Wakipata zaidi sana ya hapo, basi maswali yanapima mazoea. Jaribio hili halihitaji fedha wala mtaalamu kutoka mbali.

Wapo watakaosema kwamba kusoma ni kutoka nyumbani, na kwamba mtoto wa mfugaji anapaswa kuujua ulimwengu wa wengine. Hoja hii ni ya kweli darasani, ambapo mwalimu yupo na neno geni laweza kuulizwa. Katika chumba cha mtihani haulizwi mtu. Kufundisha kwa kifungu kigeni ni kumpanua mtoto. Kumchuja kwacho ni kumwadhibu kwa mahali alipozaliwa.

6. Mlinganisho wa China

Mlinganisho na China utatusaidia. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, niliishi na wanafunzi wa Kichina waliopitia mtihani wa kuingia chuo kikuu, ule uitwao gaokao. China ilikuwa na mitihani ya kuwachagua maofisa wa serikali kwa zaidi ya karne kumi na mbili, mpaka ilipofutwa mwaka 1905; na gaokao yenyewe ilirudishwa mwaka 1977 baada ya kusimamishwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Vifungu vya Kiingereza vina nafasi kubwa ndani yake, na wenzangu hao walivikumbuka kwa uchungu. Maneno tuliyajua, waliniambia, lakini hatukujua kwa nini watu wale walicheka.

Basi taabu ya kifungu kigeni si ya Isiolo peke yake. Tofauti iko kwingine. Mwanafunzi wa China akianguka katika Kiingereza, bado hisabati, fizikia na historia huulizwa kwa Kichina. Kwake yeye Kiingereza ni mlango mmoja katika nyumba yenye milango kadhaa. Kwa mwanafunzi wa Isiolo, Kiingereza kimekuwa kizingiti cha milango karibu yote.

7. Mlango wa Kiswahili

Nasema karibu yote, kwa sababu mwaka 1985 mlango mmoja uliongezwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, mtihani wa KCPE ulikifanya Kiswahili kuwa somo la kutahiniwa kwa lazima, kama tume ya Gachathi ilivyopendekeza mwaka 1976. Na KCSE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, una ufahamu katika karatasi ya pili ya Kiingereza na vivyo hivyo katika karatasi ya pili ya Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 ilizifanya lugha hizi mbili kuwa rasmi kwa pamoja. KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mtaala uliofuata haujakifuta kifungu cha ufahamu.

Kwa mtafiti, hali hii ni nafasi adimu: mtoto yuleyule hupimwa ufahamu katika lugha mbili. Lakini alama hizi mbili hazilinganishwi kwa makini, kwa kuwa vifungu ni tofauti na ugumu wake ni tofauti. Pendekezo letu ni kwamba walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili katika shule moja watunge kwa pamoja vifungu vyenye habari inayolingana, wagawe darasa makundi mawili, na kila kundi lisome habari moja kwa lugha hii na nyingine kwa lugha ile. Anayefahamu kwa Kiswahili asifahamu kwa Kiingereza atakuwa amethibitisha kwamba akili yake ni nzima na kwamba anayehitaji kusaidiwa ni msomaji wa Kiingereza ndani yake. Asiyefahamu kwa lugha zote mbili aulizwe kwa Kiborana au Kiturkana kabla hajaitwa mjinga. Maana Kiswahili nacho, hatuna budi kukiri, ni lugha ya pili kwa wengi wao.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba majina ya mitihani yamebadilika mara nyingi, tangu KAPE hadi KCSE, na kwamba kifungu cha Kiingereza kimedumu katikati yake. Si nia yetu kusema kiondolewe. Kijana wa Isiolo anakihitaji Kiingereza, na atakihitaji zaidi akitaka kusoma mikataba ya ardhi na ya barabara zinazopita kwao, kama babu zake walivyohitaji kuzisoma sheria za kodi. Tunachokidai ni kwamba kipimo kijulishe kimepima nini. Chujio hufaa kwa chai; anayepima mahindi hutumia kibaba, naye hukiangalia kwanza kama hakina tundu.