Uraia wa Kushikwa Mkononi

Wiki hii nazungumzia somo la uraia. Muulize mwanafunzi wa Ifakara, Mang'ula au Mlimba mihimili ya dola ni mingapi, atakujibu mara moja: mitatu, yaani Serikali, Bunge na Mahakama. Sasa muulize mapato na matumizi ya kijiji chao husomwa wapi, na nani ana haki ya kuyahoji. Hapo utasubiri jibu.

Nchi hii iliwahi kujua namna nyingine ya kufundisha. Katika uchaguzi wa 1965 kila jimbo lililoshindaniwa lilikuwa na wagombea wawili, mmoja akipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Wakati huo watu wazima wengi hawakujua kusoma, lakini jembe na nyumba kila mtu alivijua. Mwananchi akaipata serikali kupitia kitu anachokifahamu.

Kisha zikaja kampeni za redio za Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1969 ilikuwa Kupanga ni Kuchagua, kuhusu Mpango wa Pili wa Maendeleo. Mwaka 1970 ikafuata Uchaguzi ni Wako, na 1971 Wakati wa Furaha, nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru. Kubwa zaidi ilikuwa Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wapatao milioni 2 walishiriki kwa wiki 12.

Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini kama mtu wa redio naliheshimu jambo moja katika kazi ile. Redio haikuachwa iseme peke yake. Kikundi kilikuwa na kitabu, na kiongozi alikuwa na mwongozo. Watu walisikiliza, wakasoma, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Somo liliishia kwenye mpini wa jembe.

Lakini tusiisifu historia nusu nusu. Mwaka 1972, katikati ya kampeni hizo, halmashauri za wilaya zilivunjwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Zilirudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza tena kazi 1984. Kwa miaka kumi na zaidi, mwananchi aliyehimizwa kushiriki hakuwa na diwani wa kumhoji katika halmashauri ya wilaya yake. Baada ya vyama vingi kurudi 1992, somo la Siasa likaacha nafasi kwa Uraia. Jina lilibadilika, lakini kukariri kulibaki.

Kwa nini nayasema haya Kilombero? Kwa sababu hapa ardhi ndiyo maisha: mpunga, miwa, malisho, hifadhi na ardhi oevu iliyotambuliwa kimataifa mwaka 2002. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Asiyejua hilo huambiwa shamba limekwisha kugawiwa, naye akaondoka kimya.

Pendekezo langu ni dogo. Shule zetu ziwe na sanduku la bati la kuazimana. Ndani yake kuwe na sanduku la kura na karatasi za mfano, daftari la mihtasari, ramani ya mipaka ya kijiji, taarifa ya mapato na matumizi, na nakala ya sheria hiyo ya ardhi. Shule moja ikae nalo wiki mbili, kisha ipewe jirani. Watoto waitishe mkutano, wabishane, wapige kura, waandike mihtasari. Mmoja aombe ekari, wengine wamuulize maswali.

Sanduku kama hilo halihitaji umeme wala mtaalamu kutoka mbali. Linahitaji mwalimu asiyeogopa maswali, na mwenyekiti wa kijiji aliye tayari kuulizwa maswali hayo hayo watoto hao wakikua. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi naongeza: asiyeuliza, hata alilo nalo hulipoteza.