Vioo vya Gari la Kibenga: Rangi kama Chanzo cha Historia

Mwanafunzi wa historia hufundishwa kutafuta ushahidi katika hati na katika simulizi. Insha hii inatetea chanzo cha tatu, yaani kifaa chenyewe. Mfano wangu ni vioo vya kuangalia nyuma vya Volkswagen ya babu, ile ya mgongo wa mviringo ambayo wasemaji wa Kifaransa huiita coccinelle. Gari hilo liko uani kwa baba mdogo, Kibenga, kusini mwa Bujumbura. Hati zake zilipotea katika vita vilivyoanza mwaka 1993, na tangu hapo ukoo una simulizi mbili. Shangazi anasema babu alikuja nalo kutoka Kigoma. Baba mdogo anasema alilinunua jipya hapa hapa mjini.

Usukani uko kulia, jambo linalompa nguvu shangazi. Chini ya Wabelgiji, walioitwaa nchi hii kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, magari ya Ruanda-Urundi yalipita kulia. Jirani, katika Tanganyika ya Waingereza, yalipita kushoto. Lakini nchi hizi mbili ziliunganishwa na njia moja ya mizigo: reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka hapo meli zilivuka hadi Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa. Baba mdogo hakubali. Anasema hata leo mji umejaa magari ya usukani wa kulia, na si yote yaliyotoka Kigoma.

Hapo ndipo vioo vinapoingia. Mwaka 1909 Dorothy Levitt wa Uingereza aliwashauri madereva wanawake wabebe kioo cha mkononi ili waone nyuma. Mwaka 1911 Ray Harroun alifunga kioo kwenye gari lake la mashindano huko Indianapolis. Tangu mwanzo kioo kilifuata haja ya dereva. Anayepita kushoto hulipita gari jingine kwa upande wa kulia, hivyo anahitaji kwanza kioo cha kulia. Anayepita kulia anahitaji cha kushoto.

Mwaka jana tulivifungua vioo vya milangoni ili gari lipakwe rangi. Fundi kutoka Buyenzi alitia mafuta kwenye skrubu zilizoshika kutu, akasubiri, kisha akaniambia, “Kijana, usilazimishe, bati hili ni kuukuu.” Chini ya kitako cha kioo cha kulia tulikuta rangi ya samawati, bila nyeupe juu yake. Chini ya kile cha kushoto nyeupe ilipita bila kukatika, na kingo za matundu zilikuwa bati tupu. Maana yake, kioo cha kulia kilikuwapo gari lilipobadilishwa kutoka samawati kuwa jeupe. Cha kushoto kilitobolewa baadaye, na skrubu zake ni za aina nyingine.

Ushahidi huu hautaji Kigoma, wala hautoi mwaka. Unaonyesha tu kwamba gari lilitumika muda mrefu kiasi cha kuhitaji rangi mpya kabla ya mtu kuona haja ya kioo cha kushoto. Gari lililonunuliwa jipya Bujumbura lingehitaji kioo hicho tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo naiona simulizi ya shangazi kuwa na uzito zaidi, ingawa baba mdogo bado anabisha.

Karatasi ya msasa ingefuta yote hayo kwa dakika chache. Tulipiga picha kwanza na kuandika mpangilio wa rangi. Kisha tulirudisha vioo vilevile juu ya mipira mipya ya kuzuia maji, tukakaza skrubu kwa kiasi, na kuvirekebisha dereva akiwa ameketi kitini.

Kwa kuhitimisha, familia nyingi za Burundi zilipoteza karatasi zao, lakini hazikupoteza vitu vyao vyote. Mashine ya kushonea, redio au baiskeli ya babu inaweza kuwa na matundu na rangi za namna hii. Tuvichunguze kabla ya kuvitengeneza.