Yai Lililongoja Miaka Arobaini

Msusi wa Kenyatta Market hukaza msuko mpaka ngozi ya kichwa ikavutika. Wiki sita baadaye msuko huo umelegea shinani bila kuguswa na mtu. Hakuna anayemwuliza mwenye kichwa amekosa nini. Lakini mama akiharibikiwa na mimba akiwa na miaka 41, au akijifungua mtoto mwenye hali ya Down, huulizwa: na ukoo, na majirani, na mara nyingi na nafsi yake mwenyewe. Historia ya elimu ya yai imelinyima swali hilo msingi.

Daktari Mwingereza John Langdon Down alipoieleza hali hiyo mwaka 1866, aliifungamanisha na rangi za watu, kosa lililodumu karibu miaka mia. Mwaka 1933 mtafiti Lionel Penrose alifanya kazi ya subira: kwa kuwa wake wenye umri mkubwa huwa na waume wa umri huo, alitenganisha kwa hesabu athari ya umri wa baba na ya umri wa mama, akakuta uzito uko kwenye umri wa mama. Mwaka 1959, Paris, watafiti Jérôme Lejeune na wenzake wakatangaza kuwa wenye hali hiyo wana kromosomu 47 badala ya 46. Kwa nini mama? Mbegu za baba hutengenezwa upya kila siku, ilhali yai huanza kugawanyika binti akiwa bado tumboni mwa mamake, kisha husimama likangoja. Kromosomu zake hushikanishwa kwa pete za protini iitwayo kohesini. Katika panya, pete hizo huwekwa kabla ya kuzaliwa na hazionekani kujazwa tena. Panya akizeeka zinapungua, kromosomu zinaachana mapema, yai linapata moja zaidi au pungufu. Msuko hufumuliwa ukasukwa upya. Yai halina msusi wa pili.

Wapo watakaosema panya si binadamu, na kwamba mwenye kuchelewa kuzaa kwa ajili ya masomo au kazi amejitakia. La kwanza limejibiwa: mayai ya wanawake yaliyochunguzwa yanaonyesha kromosomu pacha zikitengana kadiri umri unavyosonga. La pili hesabu inalikataa, kwani hata mama akiwa na miaka 40, kwa kila uzazi 100 ni mtoto mmoja hivi anayezaliwa na hali ya Down. Na tangu watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa kwenye maabara wazaliwe mwaka 2006, ushahidi mwingine umekuwa karibu nasi. Mwanamke wa miaka 42 akipokea yai la msichana wa miaka 25, mfuko wa uzazi ni wake, damu inayolisha mimba ni yake, lakini hatari ya kromosomu huhesabiwa kwa miaka 25.